Mkono na Mdomo Juu ya Kreni

Nyumba ya geti la kijani,
Nyuma ya karakana ya mbao.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana ile ya kwanza ni ya heshima na hii ya pili ni ya furaha. U hali gani huko ng'ambo? Goti linasemaje unapopanda zile ngazi za ofisi unazosafisha? Yale mafuta ya kuchua niliyokutumia umeyatumia, au umeyafungia kabatini kama kawaida yako, unangoja uumwe vizuri kwanza? Paka, mama. Mafuta hayana urithi.

Sisi huku hatujambo wote. Dada yako, yaani mama yangu, presha imeshuka na ulimi umepanda, kwa hiyo ujue ni mzima kabisa. Mume wangu yupo na mbao zake, mikono imejaa gundi. Mama mkwe bado tunakaa naye, na bado anasema chai yangu ina maji mengi kuliko chai. Kifungua mimba wangu sasa amenipita urefu, ukimwona utamsalimia kama mgeni.

Najua unajiuliza barua ya nini na simu ipo. Simu inakatakata maneno, halafu wewe ukiwa kazini unaniitikia "mh, mh" huku unapiga deki. Hili nataka ulisome umekaa, umevua viatu. Nakuambia kabisa mapema usije ukapata kiwewe: nimepita! Nimepita, Mama Mdogo! Ile kreni ndefu nyekundu niliyokutumia picha yake, inayoonekana kutoka kila mtaa wa hapa, tangu Jumatatu iliyopita anayeiendesha ni mimi Kiherehere wako. Piga kigelegele hukohuko ulipo, na majirani wakigonga ukuta waambie wavumilie.

Sasa ngoja nikusimulie kwa utaratibu, maana kwenye simu ulikuwa unapata vipande vipande.

Unakumbuka nilikuwa kwenye kreni ndogo, ile ya magurudumu. Pale kazi ilikuwa ya mikono mitupu: mtu wa chini akipunga hivi napandisha, akikunja ngumi nasimama. Dereva mzuri wa kreni ndogo hafungui mdomo kutwa nzima. Mimi nilivyo mwongeaji, pale ndipo mahali pekee duniani niliponyamaza, na watu walinisifia.

Kreni ndefu ni habari nyingine. Ukiwa mle juu, mzigo ukishapita nyuma ya jengo huuoni tena, unaendesha kwa masikio. Na mainjinia waliokuja nayo kila mmoja ana lugha yake, basi wakakubaliana kwamba kwenye redio ni Kiingereza tu. Wakaweka na sheria: dereva ataje kila anachofanya wakati uleule anapokifanya. Akikatika sauti, wote walio chini warudi nyuma. Kreni ndogo wakasema inauzwa. Asiyefaulu mtihani wa kreni ndefu atapewa nyundo na patasi akakwangue zege lililoganda kwenye mbao.

Mimi! Nikakwangue mbao! Baada ya miaka yote ile ya watu kuniambia kreni si kazi ya mwanamke, nishuke chini waseme unaona, tulikuambia? Nilikupigia siku ile nalia mpaka makamasi, na wewe ukaanza kwa kunicheka. Halafu ukaniambia neno nililolishika: nisihangaike na Kiingereza chote, nichukue kipande kimoja tu, kile cha jambo linaloendelea sasa hivi. "I am", kisha kitendo, kisha kile kimkia cha "ing". Ukasema ndivyo ulivyojifunza wewe, unasukuma fagio huku unajitangazia, "I am sweeping", unafuta kioo unasema, "I am wiping". Ukasema lugha haiingii kwa jicho, inaingia kwa mkono.

Basi nyumba hii ikaona cha mtema kuni. Kutoka asubuhi ninapoamka mimi ni matangazo tu. "I am washing. I am peeling. I am looking for the other shoe." Mume wangu unamjua alivyo mpole, alivumilia, alivumilia, mwisho akahamishia chai yake karakana. Mwanangu ndiye alikuwa ananisahihisha, tena bila huruma, kama vile hakutoka tumboni mwangu. Na mama mkwe akaingiwa na wasiwasi. Kila nikipita mbele yake na beseni nilikuwa nasema "She is sitting", nafanya mazoezi tu masikini ya Mungu, kumbe mwenzangu anadhani namsema kwamba kazi yake ni kukaa. Akaanza kusimama kila akinisikia nakuja. Ilibidi mwanangu amfafanulie, naye akasema hata kama, kwa nini lazima iwe yeye.

Nilipofika siku ya mtihani nilikuwa nimejaa maneno mpaka yanamwagika. Nikapanda juu. Chini alikuwepo Spika, mtu wetu wa redio, ambaye sauti yake hata redio ikizima utamsikia. Alikuwepo mkaguzi, mzee mwembamba mwenye miwani ya kamba. Na walikuwepo wapokeaji wawili, wale wanaovaa glavu nene na kuushika mzigo ukifika ili ukae mahali pake. Mmoja wao tunamwita Mrefu, na si utani, ni mrefu kweli.

Mzigo ulikuwa boriti ya chuma. Nikanyanyua, nikasema nanyanyua. Nikazungusha, nikasema nazungusha. Kiingereza kilikuwa kinatoka kama bomba limepasuka. Nikaona nakaribia, nikasema "I am lowering", nashusha. Mama Mdogo, nilikuwa bado sijashusha. Mkono wangu ulikuwa bado unazungusha. Mdomo ulitangulia tu, kwa kuwa nilijua muda si mrefu nitashusha.

Mrefu alisikia nashusha. Akasogea, akanyoosha mikono juu kupokea kitu kinachoteremka. Kumbe boriti haiteremki, inakuja ubavuni. Spika alipiga ukelele ambao naamini ulifika kwako, Mrefu akajitupa chini kifudifudi, na chuma kikapita pale kilipokuwa kichwa chake. Hakuumia. Nakuapia hakuumia hata mkwaruzo.

Wapokeaji wana desturi yao, na hakuna bosi anayeweza kuivunja. Asiyemwamini dereva huvua glavu akaziweka chini mbele ya watu, na hapo hakuna wa kumlazimisha kusimama chini ya mzigo wa dereva huyo. Mrefu aliamka, akajikung'uta vumbi, akavua. Mwenzake naye akavua. Niliziona zile glavu kutoka kule juu, nikatamani nisishuke kabisa, nilale kulekule kama ndege.

Mkaguzi hakunifokea, na bora angenifokea. Aliniambia kwa upole kwamba Kiingereza changu ni kizuri sana, ila hakikuwa cha kweli. Akanipa nafasi moja ya mwisho, kwa sharti kwamba nipate wapokeaji watakaokubali kusimama. Nani asimame chini ya mtu aliyetaka kumponda mwenzao? Nilijua hapo ndipo kreni yangu imefia.

Nilirudi nyumbani nimevimba, sitaki kusemeshwa. Nikajiambia ni hofu ya mtihani tu. Nikaingia jikoni, nikasimama natazama ukuta. Mama mkwe akaita kutoka sebuleni kuuliza chakula vipi, nami nikamjibu kwa sauti, napakua! Alivyo na miguu myepesi akishuku jambo, akaja mpaka mlangoni. Jiko halijawashwa. Sufuria iko kwenye ndoano.

Akaniambia: "Mkwe wangu, hiyo 'napakua' yako naijua. Nimewahi kuingoja mpaka njaa ikachoka ikaenda zake."

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka ghafla. Nikaketi kwenye kigoda. Mama Mdogo, si mimi peke yangu, ni ukoo mzima! Nani kati yetu hajawahi kusema "niko njiani, nafika" akiwa anatafuta soksi? Mama yangu husema "natoka sasa hivi" akiwa na povu la sabuni masikioni. Na wewe usijifanye, nakujua. Tunasema hivyo kwa wema, ili anayesubiri asijione ametupwa. Naye anayesubiri ni mwenzetu, anajua, anajiongezea muda wake kichwani na maisha yanaendelea. Hakuna anayedanganyika. Lakini Mrefu hakuwa na muda wa kujiongezea. Chini ya chuma, ukiambiwa nashusha, basi unashushiwa.

Siku ileile nikapitisha sheria humu ndani: mkono kwanza, mdomo baadaye. Hakuna kusema unafanya jambo mpaka mkono uwe umeligusa. Wakaona ni mchezo, wakaingia mzimamzima, na hapo ndipo nilipojuta kuzaa mtoto mwenye akili. Baba yake alikuwa anaongea na mteja kwenye simu, anamhakikishia kwamba kabati lake analipiga rangi muda huu huu. Mtoto kutoka dirishani, kwa sauti ya mnadani: "Baba, hupigi rangi, unakunywa chai!" Mteja alisikia. Mume wangu akakosa pa kuficha uso, ikabidi amwambie ukweli kwamba mbao bado zimeegemea ukuta. Yule mama mteja akacheka, akasema angalau sasa anajua asije kesho. Tangu siku hiyo mume wangu anasema usingizi wake umekuwa mtamu, na mimi nasema ni kwa sababu hakimbii tena wateja kwa mlango wa nyuma.

Ikabaki kazi kubwa, Mrefu. Nilimfuata wakati wa chakula cha mchana, nikamwomba radhi bila kuzungukazunguka. Akanijibu kwamba amenisamehe, lakini glavu ni glavu. Ana mke na watoto. Sikumlaumu. Nikamwomba jambo dogo: akae mbali, chini ya kivuli cha ukuta, asikilize redio tu huku anaangalia kreni. Asisimame popote. Akatikisa kichwa kama mtu anayekubali ili aachwe ale.

Basi ikawa kila mchana, wenzangu wanakula, mimi nanyanyua mfuko wa mchanga uwanjani ambapo hapana mtu. Mkono kwanza, mdomo baadaye. Nikinyanyua ndipo niseme. Nikisimama nasema nasimama. Mwanzoni ilikuwa mateso, ulimi unataka kukimbia mbele kama mbuzi aliyeona majani. Kuna siku niliung'ata. Mrefu alikuwa amekaa na redio sikioni, anaangalia juu, anaangalia mfuko, anaangalia juu. Anaondoka, kesho anarudi. Nikajiambia angalau anarudi.

Ikafika siku yenyewe. Mara hii mzigo ni tangi kubwa la maji, linapandishwa mpaka paa la jengo, upande ambao mimi sioni chochote. Mrefu alikuja. Lakini glavu zilikuwa mfukoni, hazikuwa mikononi, na niliziona vizuri kabla sijapanda ngazi. Mwenzake alikuwa anamwangalia yeye, atakachofanya naye atafanya. Msimamizi wa eneo, ambaye sisi tunamwita Bwana Haraka, alikuwa anatembea huku na huko kwa sababu magari ya zege yalikuwa yamepanga foleni getini.

Nikanyanyua, nikasema. Nikazungusha, nikasema. Tangi likapita nyuma ya jengo, likanipotea. Na upepo ukaanza. Si upepo mkali, ni ule wa kichokozi, unasukuma unaacha. Nikausikia kwenye waya, tangi linayumba. Nikasimamisha.

Bwana Haraka akachukua redio ya Spika mwenyewe. Akauliza kama nashusha. Mama Mdogo, ukoo wote ulinipanda kooni! Nashusha, nashusha bosi, sasa hivi, nafika! Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikalimeza.

"No," nikasema. "I am waiting."

Akauliza tena, na sauti imepanda. Nikamwambia bado nasubiri, tangi linatembea. Nilijua mkaguzi anasikia, na mtu anayeambiwa harakisha akajibu nasubiri mara nyingi hutafutiwa nyundo na patasi. Lakini ndiyo kazi niliyokuwa naifanya wakati ule. Nilikuwa nasubiri. Sikuwa na kingine cha kusema.

Ndipo Spika akarudishiwa redio yake, na akasema kitu ambacho hakimo kwenye sheria zao zozote. Akasema, polepole, ili nisikose hata herufi: "Mrefu is wearing gloves."

Anavaa glavu! Anazivaa sasa hivi, wakati huohuo nasikia! Sikulia, kwa sababu ningelia ningelazimika kutangaza. Nilishika mikono ya mtambo, nikangoja waya utulie, ukatulia. Nikaanza kushusha, na nilipoona kweli nashusha ndipo nikasema nashusha. Polepole. Bado nashusha. Spika ananihesabia umbali, mikono ya Mrefu ipo chini ya kile nisichokiona, na kitu pekee kilicho kati yake na tangi lile ni maneno yangu.

Waya ukalegea. Limefika. Hapo sasa nikaishiwa Kiingereza! Neno la tangi likishatua sikuwa nalo, kichwa cheupe pee. Likaja lile la mama mkwe. "The tank is sitting," nikasema. "It is sitting very well."

Nilisikia kicheko kikipanda kutoka chini kama moshi, na Bwana Haraka naye yumo. Sasa hivi eneo zima la ujenzi hakuna mzigo unaotua, yote inakaa. Hata mainjinia wanasema hivyohivyo. Nilipomsimulia mama mkwe alijinyoosha kwenye kiti akasema, mnaona kukaa kwangu kuna faida.

Mrefu alinisubiri chini ya ngazi. Hakuwa na maneno mengi, hana hulka hiyo. Alinipa mkono akiwa na glavu zake, akasema tangi limekaa kweli, akaenda kunywa maji. Siku hizi ndiye mpokeaji wangu, na mwenzake yupo naye. Jana mkewe amenitumia salamu, na mimi nimezipokea kama zawadi ya harusi.

Nilitaka barua iishie hapo, lakini kuna jambo la mwisho, nalo ndilo lililonifanya nitafute kalamu.

Mkaguzi aliniita ofisini kwake anijazie cheti. Akaandika hiki na kile, kisha akafika kwenye mstari wa aliyenifundisha lugha, akauliza nimesoma chuo gani. Nikamwambia sijasoma chuo. Akasema mstari huo hauruhusiwi kubaki mtupu, mtu hajifundishi mwenyewe, nani alikufundisha? Nikamwambia ni mdogo wake mama yangu. Akauliza yuko wapi. Nikatazama saa, nikapiga hesabu ya huko kwenu, na kwa mara ya kwanza nikatamani sana nisikosee. Nikamwambia, "She is cleaning offices. She is working now."

Akauliza jina la mwalimu huyo. Nikamtajia kama ninavyokuita tangu nimeanza kuongea, nikamwandikisha herufi moja moja, naye akaandika bila kuuliza tena. Kwa hiyo Mama Mdogo, kwenye cheti changu cha kreni, chenye mhuri na saini, mahali pa mwalimu panasomeka kwa herufi kubwa: MAMA MDOGO. Nimekuwekea picha yake humu ndani ya bahasha. Itoe, uitazame vizuri. Na nisikusikie tena unamwambia mtu kwamba wewe huko ni wa ufagio tu na Kiingereza hukijui.

Nisalimie sana Baba Mdogo, mwambie yale makoti anayoyasifia yasimfanye asahau jua. Binamu zangu wote wabusu, hasa kitinda mimba wako mtundu. Huku mama anakusalimu na anauliza kwa nini umekonda kwenye picha ya mwisho. Mume wangu anakuamkia, kifungua mimba anakuamkia, na mama mkwe anasema wewe ni mwalimu mzuri ila ungenifundisha kupika.

Mungu akulindie goti, mgongo na hiyo sauti yako. Kila ngazi unayopanda, akupandishe na baraka zake.

Ni mimi nikupendaye kutoka juu mpaka chini,

Kiherehere wako.